Mwaka wa Kura ya Mattenegg

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mama alisema tupitie makao ya wazee alikohamia Shosho Verena tumsalimie. Nilikuwa sijamwona tangu nyumba yake ya Rockville, hapa Maryland nje ya Washington, iuzwe. Tulimkuta amekaa dirishani, sweta ya kijivu mabegani, akanitazama kuanzia viatuni mpaka kwenye nywele, kisha akasema, "Umekuwa mrefu. Bado unaongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto?" Nikasema ndiyo. Akaweka kiganja sikioni: "Nini?" Mama alicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Njia nzima ya kurudi kwetu Germantown nilitazama dirishani, na mama hakunisumbua, ameshazoea. Nilikuwa nakumbuka mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na mitano. Sasa nina kumi na minane, namaliza sekondari, na kila mtu mzima kanisani ananiuliza nitasomea nini. Nikijibu jiografia wananisikitikia kidogo, maana walitarajia uuguzi. Huwa sina maneno ya kuwaeleza haraka kwamba sababu ni kijiji cha Uswisi ambacho sijawahi kukikanyaga.

Kazi ya mama ni kutunza wazee majumbani, na mwaka ule Shosho Verena alikuwa mgonjwa wake wa Jumamosi na siku nyingine mbili tatu. Shosho mwenyewe ndiye aliyemwambia aje na mimi. Mama alikuwa amemweleza kwamba nikiachwa peke yangu nyumbani nalala hadi saa saba mchana, na Shosho akasema kwao hakuna aliyewahi kulala hadi saa saba isipokuwa padri mmoja, na huyo alikuwa mgonjwa. Basi kila Jumamosi nilikaa kwenye jiko lake, chumba chembamba chenye meza iliyobanwa ukutani na harufu ya kahawa na viazi vya kuchemsha. Mimi na mama tulimwita Shosho, yaani bibi, kwa sababu hatukuweza kumwita mtu wa umri ule jina tupu, ingawa yeye alitutaka tumwite Verena. Tulizungumza naye Kiingereza, chake kikiwa bado kinakwaruza baada ya miaka yote hiyo, lakini nikikumbuka maneno yake leo yananijia kwa Kiswahili, labda kwa sababu mimi na mama tulikuwa tunayarudia kwenye gari. Chakula chake cha mchana kilikuwa makaroni yaliyopikwa pamoja na viazi, jibini na vitunguu, na pembeni matufaha ya kupondwa. Mara ya kwanza mama aliangalia ile sahani kwa muda.

"Makaroni na viazi mahali pamoja," aliniambia kwa Kiswahili. "Halafu tufaha. Hii ilikuwa njaa ya aina gani?"

Shosho akataka kujua mama amesema nini, nikaona haya, lakini nikamtafsiria. "Njaa ya baridi," akajibu, akaongeza jibini kwenye sahani ya mama.

Shuleni tulikuwa tumepewa kazi ya kueleza mji mdogo mmoja popote duniani: jiografia yake, uchumi wake, historia yake. Ilikuwa kazi ya kuandika, si ya kusimama mbele ya darasa, na ndiyo maana niliipenda. Nilimuuliza Shosho kuhusu kwao ili tu nipate aya mbili. Akasogeza vikombe, akaweka mkate mrefu upande mmoja wa meza na kitabu cha mapishi kimesimama upande wa pili, akavuta uzi katikati kuwa mto. Mkate ni upande wa jua. Kitabu ni mlima. Mattenegg ni kijiko hiki, alisema, akakilaza chini ya kitabu. Tangu Novemba mpaka mwishoni mwa Januari kile kitabu kinaziba jua, na kijiji kizima kinaishi kivulini wakati watu wa ng'ambo wanaanika nguo. Siku jua linaporudi linagusa kwanza mnara wa kanisa, na watoto wanatolewa darasani waende kulitazama. Kwa uchumi aliniambia ng'ombe, majani makavu, mbao, na hapo zamani vijana waliokwenda kupigana vita vya wafalme wa watu wengine kwa sababu shamba lilikuwa dogo na ndugu walikuwa wengi. Siku hizi, alisema, basi la posta linachukua watu alfajiri kwenda kazini mjini na kuwarudisha jioni. Nikamwambia hiyo ni Germantown. Hapo kwetu mtaa mzima unaondoka asubuhi kwa magari na treni, na mchana unaweza kusikia jokofu likinguruma. Alifurahi sana. Jumamosi iliyofuata aliniuliza kama Germantown nako ni upande wa jua au wa kivuli, na nikagundua sikujua. Nilitoka nje siku ile tulipofika nyumbani, nikatazama.

Historia ndiyo ilikuwa na maneno mengi. Mattenegg iliwahi kuungua yote, ikajengwa upya kwa mawe, na mpaka leo ukoo ambao jiko lake lilianzisha moto haukabidhiwi funguo za kanisa. Lakini jambo kubwa lilikuwa Unterau, kijiji cha chini mtoni. Watu wa Unterau walisogeza mawe ya mpaka kwenye malisho ya juu, enzi za babu wa babu yake, na kesi haijawahi kuisha mioyoni. Watu wa Mattenegg wanawaita vyura. Wao wanajibu kwa kuwaita mbuzi. Shosho alikuwa mbuzi kamili, na alipotaja vyura alishusha mdomo kama mtu aliyeonja dawa. Halafu kulikuwa na ile desturi ambayo mama aliielewa kabla yangu. Kwenye pasi ya Mswisi, alisema Shosho, hawaandiki ulipozaliwa. Wanaandika kijiji cha asili yenu, kilichouandikisha ukoo wenu, hata kama hamjakikanyaga. Mwanawe alizaliwa hapa Maryland, anaishi California, anachukia theluji, lakini pasi yake inasema Mattenegg.

"Ni kama sisi tu," mama alisema. "Huyu wangu muulize kwao, atakwambia Nyandarua, kule Kenya, na hajui hata njia ya kwenda chooni usiku huko."

"Najua," nikasema.

"Hujui."

Shosho alitabasamu, kisha akasema jambo ambalo alilisema mara moja tu. Kule mambo yote ya kijiji yanaamuliwa kwenye mkutano, ukumbini shuleni, kwa kuinua mikono. Yeye aliondoka msichana, akaja Washington kulea watoto wa familia ya ubalozi mmoja, akaolewa, akabaki. Wakati huo wanawake wa kwao walikuwa hawaruhusiwi kupiga kura. Waliporuhusiwa alikuwa tayari huku na mtoto mgongoni, na mtu anayeishi nje hana mkono kwenye mkutano wa kijiji. "Mimi ni mtu wa Mattenegg kwenye pasi zote nilizowahi kuwa nazo," alisema, "na sijawahi kuinua mkono pale hata kuhusu bomba la maji." Mdogo wake, Trudi, ndiye aliyebaki katika nyumba ya wazazi. Trudi ndiye mkono wake.

Mwezi wa kumi Trudi alipiga simu na habari. Kijiji kitapiga kura kujiunga na Unterau. Wakikubali, Mattenegg haitakuwa na baraza lake wala ofisi yake, na jina litafutwa kwenye pasi, liandikwe Unterau. Nilimkuta Shosho amekaa na koti ndani ya nyumba. Hakupika. Aliniambia anaweza kukubali kufa, hilo ameshalifikiria vizuri, lakini si kufa chura. Nilitaka kucheka, nikaona macho yake, sikucheka. Kuanzia hapo kila mazungumzo yalikuwa ni mkutano ule wa Novemba. Alipiga hesabu ya familia gani itasema hapana. Wengi aliowataja, Trudi alimkumbusha, walikuwa makaburini.

Mama alimwomba ruhusa amtaje kwenye maombi. Sisi huwa tunakutana Ijumaa jioni, Wakenya wengi, Wakongo wachache, Watanzania wawili, kwenye ukumbi tunaoazimwa na kanisa moja la Rockville. Shosho, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, alisema maombi hayana ushuru. Kwa hiyo mama alisimama akasema: tumkumbuke mgonjwa wangu, kijiji chao kinakwisha. Akaketi. Mama naye si mtu wa maelezo, nadhani aibu yangu nimeitoa kwake, ila yeye anaificha kwa kufanya kazi. Watu waliguna, wakaomba kwa nguvu, na sisi tukaenda nyumbani. Jumapili baada ya ibada tulikuwa kwa Shosho kwa zamu ya mchana, na kengele ikalia. Nikafungua mlango, nikakuta karibu nusu ya ushirika barazani, wamevaa nguo za ibada, wamebeba sufuria zilizofungwa kwa taulo, mifuko ya unga, na mablanketi mawili mapya. Mzee Gitau, kiongozi wetu, alikuwa mbele, kofia mkononi.

"Tumekuja kutoa pole," alisema kwa sauti ya msibani. "Ni mafuriko au ni vita?"

Nilitamani sakafu inimeze. Mama alitoka jikoni na mikono yenye sabuni, akaelewa kila kitu mara moja, na akafunga macho. Lakini Shosho alikuwa ameshasikia. Alikuja na kigari chake cha kutembelea, akaona sufuria, akaona mablanketi, akauliza hawa ni akina nani. Nikamwambia, kwa sauti ile ile anayoilalamikia, kwamba wamesikia kijiji chako kinakwisha, wamekuja kukaa na wewe. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Aliyatazama tena mablanketi. Kisha akasema, "Waambie waingie, mlango unaingiza baridi."

Viti havikutosha. Watu walikaa kwenye ngazi, kwenye ukingo wa dirisha, na Mzee Gitau akapewa kiti cha marehemu mume wa Shosho bila kujua. Tuligawa chapati na githeri ya mahindi na maharage, Shosho akatoa jibini lake la milimani, ambalo Papa Dieudonné, Mkongo, dereva teksi kutoka Alexandria karibu na Washington, alilinusa, akanitazama, akasema polepole, "Hii iliishakufa?" Akala, akaomba tena. Ilipobainika kwamba hakuna mafuriko wala vita, ila ni mipaka, nilidhani watakasirika. Badala yake chumba kizima kilichangamka. Mipaka wanaijua.

"Mawe walisogeza?" aliuliza Mzee Gitau.

"Usiku," alisema Shosho.

"Ni usiku tu. Hakuna mtu husogeza jiwe mchana."

"Sisi kule kwetu ni commune ile ile," alisema Papa Dieudonné. "Wakubwa wanaunganisha, wanatenganisha. Bourgmestre mupya, ule mukubwa wa commune, anakuja na gari. Barabara inabakia na shimo yake."

"Lakini mkiungana mtapata zahanati," mama alisema kutoka mlangoni. Alisema taratibu, kwa Kiingereza, ili Shosho asikie. "Hao vyura wana daktari?"

Shosho alikiri kwamba wanaye.

"Basi."

"Mama Nyambura," alisema Mzee Gitau, "wewe uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa wale wanaoamka huko asubuhi," mama akasema, akarudi kwenye sinki. Shosho alitazama mlango ule kwa muda. Siku ile sikuelewa kwamba alikuwa ameudhika. Watu walipoondoka walimwachia unga wote, na mablanketi alikataa kuyarudisha.

Mkutano ulikuwa Ijumaa, siku iliyofuata Sikukuu ya Shukrani, kwa hiyo sikuwa na shule. Jioni ya kule ni mchana wa huku. Trudi alikuwa ameomba ruhusa kwa mwenyekiti, akaegemeza simu yake kwenye dirisha la ukumbi ili dada yake atazame. Sisi tuliegemeza kompyuta yangu kwenye chungu cha sukari. Mama alikuwa anakanda unga wa chapati, mabaki ya bata mzinga yako juu ya jiko. Tuliona migongo ya watu, jaketi zimetundikwa, ubao wenye hesabu za watoto ambazo hazikufutwa. Shosho alitafsiri kwa kunong'ona. Huyu anaeleza kodi. Huyu anaeleza malisho, ni mjukuu wa fulani, ana masikio yale yale. Huyu anasema hakuna mtu amejitokeza kuingia kwenye baraza, wameomba na kuomba. Kisha mwenyekiti akasimama, na Shosho akanishika kifundo cha mkono.

"Trudi ni yule wa sweta ya buluu," aliniambia. "Mstari wa tatu. Mwenyekiti anauliza kwanza wanaokubali."

Mikono iliinuka, michache, kisha mingine. Na mkono wa sweta ya buluu ukainuka pamoja nayo. Haukusita, ulinyooka kabisa, kama wa mwanafunzi anayejua jibu.

"Amekosea swali," alisema Shosho.

Wahesabu kura walipita kati ya viti. Mwenyekiti akauliza wanaokataa. Shosho aliinua mkono wake pale jikoni Rockville, nami nikainua wangu, sijui kwa nini, sikutaka awe peke yake. Kwenye skrini mkono wa sweta ya buluu ulikuwa umelala mapajani. Mama alisimama na viganja vyake vyenye unga, hakuinua kitu. Mattenegg ikajiunga na Unterau. Watu ukumbini hawakushangilia, wala hawakulia, walianza kukunja viti. Shosho akasema, "Zima," nikazima.

Trudi alipiga siku ile ile. Alipiga Jumamosi. Alipiga karibu kila siku ya Desemba, na Shosho alikuwa anatazama simu ikilia mpaka inyamaze, kisha anaifunika kwa taulo ya vyombo. Alikula, alioga, alijibu maswali yangu ya shule, lakini nikitaja Mattenegg alisema hajui mahali panapoitwa hivyo. Kwenye gari nilimwambia mama afanye kitu. "Siwezi kuingia kati ya mtu na ndugu yake," alisema. "Nikiingia, wakipatana mimi ndiye nitakuwa mbaya." Nafikiri alikuwa anasema pia habari za kwake. Mjomba alikuwa anataka kubomoa jiko la zamani la nyumbani Nyandarua ajenge vyumba vya kupangisha, na mama alikuwa amemnunia tangu Agosti. Nililiwaza hilo sana kitandani. Mama aliyekuwa huku alitaka jiko libaki na moshi wake wote. Mjomba ndiye aliyekuwa akiamka pale asubuhi.

Nahitaji kueleza jinsi nilivyokuwa na simu. Sikuwahi kupokea. Nilikuwa nikiona jina la rafiki yangu wa karibu likilia, nasubiri likatike, kisha namwandikia: ulikuwa unasemaje? Kuagiza pizza nilimwachia binamu yangu wa miaka tisa. Kwa hiyo Jumamosi moja ya Desemba, mama yuko bafuni anamwosha Shosho nywele, na taulo mezani ikaanza kutetemeka, nilifanya kama ninavyofanya daima, nilitazama. Ikakatika. Ikaanza tena. Sijui hata leo kwa nini mara ya pili nilipokea, labda nilichoka kuisikia.

Trudi aliongea Kiingereza cha hotelini, alikuwa ametandika vitanda vya watalii miaka mingi. Nilimwambia mimi ni Nyambura. "Aa, yule wa mkate na kijiko," akasema, na nikashangaa kwamba ananijua. Akauliza kama dada yake anaumwa. Nikasema haumwi, amekasirika. Akavuta pumzi. Kisha, kama watu wengi wanavyofanya na mimi kwa sababu sisemi, akaniambia yote. Kwamba baraza limekosa watu mpaka walimfuata yeye, katika umri huo, asimamie maji. Kwamba shule wanaitumia kwa mikutano tu, na zile hesabu ubaoni ni za muhula wa mwisho, hakuna aliyepata moyo wa kuzifuta. Kwamba majira ya baridi yaliyopita aliteleza kwenye barafu njia ya kisimani, akalala pale bila mtu kupita, mpaka dereva wa lori la maziwa alipoona kofia yake. Hakuna jirani mwenye nguvu ya kufagia theluji. Unterau wana mtambo. "Usimwambie," alisema. "Yeye anakumbuka njia ile ina watu."

Nikasema, "Mwambie wewe."

Akauliza, "Nini?" Nadhani sikusikika. Nikarudia kwa sauti kubwa kuliko yote niliyowahi kutumia katika nyumba ile, na kabla sijajifikiria nilikuwa nimeshafika mlango wa bafu. Nikabisha. Mama akasema subiri, akamfunika Shosho taulo kubwa, akafungua kidogo. Shosho alikuwa kwenye kile kiti cha plastiki cha kuogea, povu kichwani, macho yamefumbwa. Niliweka simu kwenye kikapu cha nguo, nikabonyeza spika, nikasema, "Ni Trudi. Ana jambo."

Shosho hakuweza kuondoka, alikuwa na sabuni machoni. Trudi alianza kuongea kwa lugha yao, ile ya kooni. Mama akaendelea kumwagia maji polepole kwa kikombe, kwa sababu povu halingoji. Sikuelewa neno, ila niliona mahali ambapo Shosho alifikiwa na ile njia ya kisimani: alifumbua macho yote mawili, sabuni au si sabuni. Akafoka. Trudi naye akafoka. Kisha Trudi akauliza kitu kifupi, na Shosho akamtazama mama.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anauliza maji hayo ni ya nini. Anauliza kuna nani hapa na mimi bafuni."

Mama alisimamisha kikombe. Hapo ndipo nilipojua kwamba Shosho hakuwahi kumweleza dada yake kuhusu kuanguka kwake kwenye gereji, wala nyonga, wala kwamba kwa mwaka mzima hajaoga peke yake. Alikuwa amemwambia kwamba mama ni mwanamke wa kufagia.

"Mwambie," mama akasema.

Shosho akamwambia. Ilichukua maneno machache sana. Upande wa pili ikaja sauti niliyodhani ni kilio, na Shosho akaanza kutoa sauti hiyo hiyo, na mabega yakatikisika chini ya taulo, na mama alipoona ni kicheko akakaa kwenye ukingo wa bafu, mikono imelowa hadi viwiko, akacheka nao bila kujua walichocheka. Baadaye nilipomuuliza Shosho, aliniambia Trudi alisema: basi ni mbuzi wawili wamelala chali.

Hakusema kwamba kura ilikuwa sawa. Hajasema hivyo mpaka leo. Lakini siku ile, akiwa bado amelowa, alinyoosha mkono kunielekea mimi niliyekuwa nimebaki mlangoni.

"Lete kiti," alisema. "Na lete karatasi yako ya shule. Mwulize yeye nyumba zipi zina moshi sasa, na nani anakaa wapi. Niliyokufundisha mimi ni ya zamani."